Tetemeko la 2016 halikulipima lambo lenu

Swali: "Mhandisi, shikamoo. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya maji katika kijiji kimoja cha Misungwi. Lambo letu lilijengwa enzi za babu zetu. Tuta lina kimo cha mita 7 hivi na urefu wa hatua 200. Tangu lile tetemeko la Bukoba watu wanabishana. Juu ya mgongo wa tuta kuna ufa uliokwenda kama hatua 15. Wapo wanaosema ni tetemeko. Wengine wanasema Mwanza tumekaa juu ya mawe, tetemeko halitufanyi kitu, na ushahidi ni kwamba 2016 lambo halikubomoka. Chini ya tuta kuna bustani za kina mama, mchicha na magimbi, maana pale hapakauki mwaka mzima. Mbele ya bustani ziko nyumba na shule. Je, lambo la udongo linapimwaje kama litahimili tetemeko, na sisi tuanzie wapi?"

Marahaba, Mwenyekiti. Barua yako inauliza habari za ufa, lakini nilipofika kwenye magimbi nilirudi kuisoma upya kuanzia juu. Nitakuja huko. Kwanza tumalize ubishi wa 2016, maana naona ndio unaowapa watu wenu usingizi.

Tetemeko lile lilipiga Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri. Ukubwa wake ulikuwa 5.9, kitovu upande wa Nsunga wilayani Missenyi, kina cha km 40 hivi chini ya ardhi. Kagera ilizika watu, na maelfu ya nyumba ziliharibika. Lakini kutoka pale hadi kwenu ni zaidi ya km 200, tena kwa kukatiza ziwa. Kwa tetemeko la ukubwa ule, umbali huo huwa umekwisha kuyachosha mawimbi. Vikombe hulia kabatini, watu hutoka nje wakiulizana, basi.

Jambo la pili ni mwezi. Septemba ni mwisho wa kiangazi; ng'ombe wenu wakati huo wananyweshwa karibu na katikati ya lambo. Maji yakiwa chini, sehemu kubwa ya tuta ni kavu, na udongo mkavu ni mgumu kama tofali. Lambo lililojaa maji ya Mei, baada ya masika, ni lambo jingine kabisa. Kwa hiyo 2016 lambo lenu lilitikiswa kidogo, na lilitikiswa likiwa karibu tupu. Mtu aliyevuka mto kiangazi, maji yakiwa kifundoni, asituambie kwamba anajua kuogelea.

Hoja ya mawe ina ukweli nusu. Granaiti ya Mwanza ni ya zamani sana, zaidi ya miaka bilioni 2.5, na hatukai ndani ya Bonde la Ufa. Ziwa letu liko katikati ya matawi yake mawili: la magharibi linalopita Albert, Kivu na Tanganyika, na la mashariki linalopita Natron na Manyara. Ndiyo maana matetemeko makubwa huwa tunayasikia kwa jirani: Rukwa mwaka 1910, ukubwa wa 7.4 hivi, Ziwa Tanganyika tarehe 5 Desemba 2005, ukubwa wa 6.8. Lakini Bukoba nayo haimo ndani ya bonde lenyewe, na ilipigwa. Tena mwamba mgumu wa kale hausharabu mtikisiko upesi; huupitisha ukafika mbali. Na kuna jambo dogo ambalo wabishi wenu wamelisahau: malambo hayajengwi juu ya jiwe. Hujengwa bondeni, kati ya vilima vya mawe, pale ambapo kijito kimekuwa kikimwaga mchanga na tope kwa maelfu ya miaka. Nyumba yako huenda iko juu ya granaiti. Tuta lenu, sidhani.

Sasa nikutambulishe kwa ndugu wa lambo lenu. Anaitwa Sheffield, alikuwa Santa Barbara, California. Lilikuwa tuta la udongo lililojengwa mwaka 1917, kimo mita 7.6, urefu mita 220 hivi. Linganisha na vipimo ulivyoniandikia. Tarehe 29 Juni 1925 asubuhi ardhi ilitikisika, na kipande cha katikati chenye urefu wa karibu mita 90 kikang'oka kizima, kikateleza mita 30 hivi kuelekea chini, maji yakafuata nyuma yake. Lambo lenyewe halikuwa hata limejaa. Kina cha maji kilikuwa mita 5 hivi.

Walioanza kutafuta sababu waliikuta chini ya tuta. Upande wa maji ulikuwa umefunikwa kwa mfinyanzi ili maji yasipenye, lakini kwa miaka yalikuwa yakipita chinichini na kulowesha udongo wa kichangachanga ambao tuta lilikuwa limekalishwa juu yake. Unamfahamu mfanyabiashara wa mpunga anavyolipiga debe ili punje zishuke, debe libebe zaidi? Mchanga mlegevu ukitikiswa hufanya vivyo hivyo: chembe zinataka kushuka na kubanana. Ukiwa mkavu, zinashuka, hakuna neno. Ukiwa umelowa, katikati ya chembe kuna maji, na maji hayapati muda wa kutoka. Chembe zinabaki zinaelea, haziegemeani tena, na kwa sekunde kadhaa ulichodhani ni ardhi kinakuwa uji. Jenga mita 7 za udongo juu ya uji, uone.

Ndiyo maana magimbi yamenishtua. Magimbi hayaoti pakavu. Kama pale hapakauki hata Septemba, wakati lambo limebaki dimbwi, basi ardhi ya mguuni mwa tuta imelowa mwaka mzima, na yaelekea hata ile iliyo chini ya tuta imelowa. Huenda ni chemchemi tu isiyohusiana na lambo; zipo nyingi hivyo pembezoni mwa vilima vyetu. Huenda pia ni Sheffield yenu.

Kwa hiyo swali la kwanza la kitaalamu kuhusu tetemeko, kwa lambo kama lenu, ni udongo gani umelowa na umelegea kiasi gani. Ukubwa wa tetemeko linalotazamiwa hufuata baadaye. Profesa H. Bolton Seed wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, ambaye wengi wetu tulisomea hesabu zake, alifikia hitimisho mwaka 1979 kwamba tuta lililojengwa vizuri kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, juu ya msingi mgumu, karibu kila mara huhimili mtikisiko wa wastani unaofika 0.2 g bila madhara ya maana. Hiyo g ni nguvu ya mvutano wa dunia, 0.2 g maana yake tuta linasukumwa ubavuni kwa nguvu sawa na moja ya tano ya uzito wake. Kwetu kupata mtikisiko wa kiasi hicho si jambo la kutarajia kila siku. Basi kama tuta ni la mfinyanzi na msingi ni mgumu, kesi imekwisha nusu. Kama kuna mchanga mlegevu uliolowa, hitimisho la Seed halikuhusu kabisa.

Namna ya kujua ni kutoboa. Kwa kekee ya udongo, ile ya kuzungusha kwa mkono, toboeni mashimo membamba matatu au manne hadi mita 4 au 5, upande wa bustani, lakini umbali wa mita 20 au zaidi kutoka mguu wa tuta, mwisho wa kiangazi, na kila shimo lizibwe kwa mfinyanzi siku hiyohiyo. Msichimbe mguuni penyewe. Nasisitiza, kwa sababu nimewahi kuona kijiji kikichimba kisima cha mkono mguuni mwa tuta ili "kufaidi maji yanayopotea", na ndani ya wiki maji yalikuwa yanatoka na mchanga. Tuliwahi. Siku nyingine hatungewahi.

Udongo unaotoka uviringishe kiganjani kama unavyotengeneza kamba. Ukivutika kuwa kamba nyembamba bila kukatika, ni mfinyanzi, na moyo utulie kidogo. Ukikatikakatika, chukua donge lililolowa ulitandaze kiganjani, kisha upige kiganja hicho kwa kingine mara kadhaa. Maji yakichomoza juu yakang'aa, halafu yakatoweka ukilibinya, huo ni udongo wa vumbivumbi au mchanga laini, ndio adui. Hapo ndipo unapomwita mhandisi na mashine yake ya mapigo: nyundo ya kilo 63.5 inaangushwa kutoka sentimita 76, mara nyingi inavyohitajika kuzamisha bomba sentimita 30, na mapigo yanahesabiwa.

Nikupe mfano wa namba ili usidanganywe. Tuchukue mtikisiko wa 0.1 g kutoka tetemeko la ukubwa wa 6, mchanga msafi uliopo kina cha mita 4, maji yakiwa usawa wa ardhi. Njia iliyoanzishwa na Seed na Idriss mwaka 1971, kwa sura inayotumika siku hizi, inasema mchanga wenye mapigo 5, baada ya masahihisho ya kawaida, uko ukingoni. Wenye mapigo 10 una akiba ya karibu nusu juu ya kinachohitajika. Wenye 15, nenda kalale. Maana yake ni kwamba kwa mtikisiko wa kwetu ni mchanga mlegevu sana tu wa kuogopwa. Lakini mchanga wa kijito ambao haujawahi kushindiliwa na mtu unaweza kabisa kuwa na mapigo 4.

Ikithibitika kwamba hakuna mchanga wa kugeuka uji, ndipo hesabu za mteremko zinapopata maana. Fikiria gunia la dagaa pale mwalo wa Kirumba, limewekwa juu ya ubao ulioinama. Ubao ukitulia, gunia linakaa. Ukiutikisa polepole, bado linakaa. Iko nguvu fulani ambayo ukiivuka, gunia linateleza kidogo, halafu linasimama, kisha linateleza tena kwa mtikiso unaofuata. Mwingereza mmoja mhandisi, Nathan Newmark? La, nisahihishe kabla hujanisahihisha: alikuwa Mmarekani, aliieleza London mwaka 1965, na tangu hapo tunapima mabwawa ya udongo kwa kuuliza gunia litateleza sentimita ngapi kwa jumla. Kwa udongo mkavu usioshikamana, wenye pembe ya msuguano ya nyuzi 30, mteremko wa mita 2 kwenda mbele kwa kila mita 1 ya kimo huanza kuteleza kwenye 0.06 g. Ukiulaza ukawa 2.5 kwa 1, ni 0.14 g. Ukiwa 3 kwa 1, ni 0.2 g. Nusu mita tu ya kulaza mteremko na uimara unaongezeka zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo pimeni mteremko wenu wa upande mkavu kwa kamba na pima maji. Kama ni mkali kuliko 2 kwa 1, mnaulaza kwa udongo wa ziada, na hakuna kompyuta itakayokupa ushauri bora zaidi kwa bei hiyo.

Lakini mtu asikuletee hesabu ya mteremko peke yake akasema lambo liko salama. Bwawa la Lower San Fernando, karibu na Los Angeles, lilikuwa limepigiwa hesabu ya aina hiyo kwa nguvu ya ubavuni ya 0.15 g na likapasi. Tarehe 9 Februari 1971 tetemeko la ukubwa wa 6.6 likapita, na upande mzima wa maji, pamoja na kilele, ukaporomokea ndani ya bwawa. Kilichobaki juu ya maji kilikuwa kama mita 1.5 ya udongo uliopasukapasuka. Watu 80,000 walihamishwa. Hesabu ilikuwa imeuchukulia mchanga uliolowa kana kwamba nguvu yake haibadiliki ukitikiswa. Na jambo ambalo ningependa kamati yako ilikumbuke: maporomoko yalianza sekunde 30 hivi baada ya ardhi kutulia. Mtu anayekimbilia juu ya tuta kuangalia mara tu mtikisiko unapokoma yuko mahali pabaya.

Ile mita moja na nusu iliyobaki inanileta kwenye ng'ombe. Tuta likitikiswa hushuka kidogo, hata lile zuri, na kinachokuokoa ni nafasi kati ya maji yaliyojaa na mgongo wa tuta. Malambo ya Usukuma ya miaka ya 1940 na 1950 nimeyakuta mengi ambayo njia ya mifugo imekula mgongo mpaka pamekuwa na bonde. Mahali hapo nafasi imebaki shubiri mbili. Na vijana wameinua utoro wa maji, ile njia ya kutolea maji yaliyozidi, kwa mifuko ya mchanga ili lambo libebe zaidi. Mkifanya hivyo mnajiibia wenyewe. Chukueni ule mpira mwembamba wa maji ambao mafundi hutumia kusawazisha misingi, pigeni vigingi kila hatua 20 juu ya mgongo, na mwandike kila kigingi kiko juu ya sakafu ya utoro kwa kiasi gani. Hicho kitabu cha namba ni mali. Baada ya tetemeko lolote mnapima tena, na mnajua, hamkisii.

Ufa sasa. Uliniambia umekwenda hatua 15 juu ya mgongo, ukimaanisha nadhani kwamba unafuata urefu wa tuta. Huo una nafuu. Ule unaokata kutoka upande wa maji hadi upande mkavu ndio mlango wa maji, na ukiuona hata wa upana wa kidole, punguzeni maji siku hiyo. Wenu unaweza kuwa ni ukame tu: udongo mweusi wa mbuga hupasuka kila kiangazi na kujifunga mvua zikija. Nyufa za ukame huwa nyingi, zinakatanakatana kama mgongo wa kobe, na hazina ngazi. Ufa wa kuteleza ni mmoja, umepinda kama mundu, na ukitembeza kiganja unahisi upande mmoja umeshuka. Njia ya kujua kina chake ni ya bei ya chokaa: koroga chokaa iwe nyepesi kama maziwa, imimine ndani ya ufa, subiri ikauke, kisha chimba taratibu ukifuata weupe. Ukiishia nusu mita, jaza na shindilia. Ukiendelea kupita mita moja na bado unauona weupe, simamisha, funika kwa turubai mvua isiingie, mpigie mhandisi.

Mkiwa na udongo huo mkononi, tieni donge la ukubwa wa punje ya hindi ndani ya glasi ya maji ya mvua, msikoroge. Likitoa wingu la ukungu kuzunguka chini ya glasi, ni aina ya mfinyanzi unaoyeyuka wenyewe, na ufa mdogo katika udongo huo maji huupanua kwa saa chache. Habari hiyo ni mbaya kuliko tetemeko.

Na hapa niseme kitu ambacho mtaalamu wa matetemeko hatakuambia kwa sababu hakimlipi. Ukichukua mabwawa ya udongo yaliyowahi kubomoka duniani, yaliyoangushwa na tetemeko ni chini ya 2 kwa kila 100. Mengi mno yalizidiwa na mafuriko yakapitiwa juu, au yalitobolewa na maji yaliyopenya ndani. Bwawa la Patel kule Solai, Nakuru, lilibomoka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 wakati wa masika makubwa, likaua watu zaidi ya 40, na hakuna tetemeko lililopita. Kwa hiyo fedha za kijiji zikiwa za jambo moja, ziende kwenye utoro na kwenye yale maji ya bustanini. Bahati ni kwamba dawa ni ileile: tabaka la kokoto na mchanga uliochaguliwa, lililolazwa mguuni na kukandamizwa kwa udongo juu yake, linaacha maji yatoke bila kubeba udongo, na linaongeza uzito pale tuta lingetaka kuteleza. Lakini kipimo cha kokoto na mchanga huo ni kazi ya mhandisi. Kokoto zikiwa kubwa mno, udongo unapita katikati yake, na mmelipia bure.

Kiasi cha maji mliyonayo ni akiba yenu ya mwisho. Gujarat, India, tarehe 26 Januari 2001, matuta kadhaa ya udongo yaliyokalia mchanga uliolowa yalipasuka na kuporomoka vibaya, lakini mabwawa yalikuwa karibu matupu kwa ukame, na mafuriko hayakutokea. Fujinuma, Japani, tarehe 11 Machi 2011, bwawa la mita 18.5 lilikuwa karibu limejaa, na muda mfupi baada ya mtikisiko maji yalishafika vijijini, wakafa watu. Mpaka majibu ya udongo yapatikane, mimi ningeacha lambo lisijae mita nzima ya mwisho. Najua ng'ombe watalalamika.

Kisheria mko mikononi mwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, inayogusa pia usalama wa mabwawa. Andikeni barua kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, ofisi iko hapahapa Mwanza, nakala kwa RUWASA (wakala wa maji vijijini) wilaya, kabla ya kutoboa shimo lolote. Msiandike "tuna wasiwasi na tetemeko", maana barua itazunguka. Andikeni: tuta la mita 7, maji yanatoka mguuni mwaka mzima, nyumba kadhaa na shule ziko chini yake. Hesabuni nyumba hizo na wanafunzi hao, mtie namba.

Wakati mnasubiri, mpeni kijana mmoja kazi. Mahali maji ya bustanini yanapokusanyika, kinga kwa ndoo ya lita 20 na apime kwa saa ya simu inajaa kwa sekunde ngapi, kila Jumatatu, pamoja na kina cha maji lamboni siku hiyo. Lambo likipanda na ndoo ikajaa upesi zaidi, maji hayo ni ya lambo. Ndoo ikiwa ileile Septemba na Mei, ni chemchemi, na mtakuwa mmeokoa fedha nyingi. Na siku ndoo itakapotoka na tope, hata kama ardhi haikutikisika, shule ifungwe kwanza, maswali baadaye.

Kina mama waambie magimbi wasiyang'oe bado. Pigeni vigingi kuzunguka ukijani wote mwezi huu, kabla mvua za vuli hazijalainisha kila mahali, mchore umbo lake kwenye karatasi pamoja na tuta na ule ufa, unitumie picha.